Gugu maji na mgomba ni wa ukoo mmoja

Ukisimama kwenye mwalo wowote kati ya Nyegezi na Luchelele, hapa Mwanza, asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka, unaweza kuona mimea miwili imelala juu ya maji majani yakigusana: yungiyungi na gugu maji. Yote miwili inaishi majini, yote ina maua yanayovutia macho, na karibu kila mtu atakuambia ni ndugu. Si ndugu. Gugu maji liko karibu zaidi na mgomba wa Bukoba, na mpunga wa Magu, hata na mahindi ya ugali uliokula jana, kuliko na hilo yungiyungi wanaloshirikiana maji.

Yungiyungi lilichepuka mapema mno katika historia ya mimea yenye maua, kabla mimea inayoota kwa jani moja la mbegu, kama mahindi, haijaachana na ile inayoota kwa mawili, kama maharage na miembe. Kwa hiyo ukiliuliza yungiyungi nani jamaa yake wa karibu kati ya mwembe na gugu maji, jibu ni kwamba wote wawili wako umbali uleule. Gugu maji lenyewe liko upande wa mahindi.

Nina kitalu cha miche kando ya barabara, huku Nyegezi. Nauza miembe ya kubebesha, mipapai, miparachichi na maua ya barazani. Nilisomea kilimo ngazi ya stashahada, na tangu wakati ule uainishaji wa mimea umenishika kama ugonjwa. Wateja wangu wananivumilia. Mke wangu anavumilia zaidi.

Oda, yaani kundi kubwa linalokusanya familia kadhaa za mimea, ninayotaka kuizungumzia leo inaitwa Commelinales. Haijulikani sana kwa sababu haina nafaka, haina tunda la sokoni, haina mbao. Lakini hapa Mwanza tunapishana nayo kutwa. Wa majini ni gugu maji. Wa shambani ni lile jani laini lenye maua ya bluu linalotambaa chini ya mihogo, watoto wanalikata kwa ajili ya sungura. Kitaalamu ni Commelina benghalensis, na nitaliita jani la sungura kama tunavyoliita nyumbani kwangu. Wa barazani ni ule mmea wa majani ya zambarau tupu na mwenzake wenye mistari ya fedha, wote wa jenasi Tradescantia, wote asili yao Mexico. Huo wa zambarau ndio unaonilipia umeme, maana haufi hata ukisahaulika juani.

Sasa chukua gugu maji moja ulipasue. Kikonyo cha jani kimevimba, na ukikikata kwa kisu unakuta ndani ni vyumba vya hewa mfululizo, kama sponji. Ndiyo maboya yake. Mizizi ni meusi, ina manyoya mengi, na haishiki tope isipokuwa maji yakipungua. Pembeni kuna tawi linalotambaa juu ya maji likiwa na mtoto mwishoni, na mtoto huyo naye ameshaanza kutoa tawi lake. Ua lina vipande sita vya zambarau nyepesi. Kile cha juu kina doa la njano lililozungushiwa bluu, na doa hilo ndilo linalowafanya watu walichukue gugu hili wakalipande bustanini, kosa lililofanyika karibu kila nchi ya joto duniani. Likishamaliza kuchanua, shina la maua hujikunja kuelekea majini na kuzidondosha mbegu huko. Mbegu hizo zinaweza kukaa hai kwenye tope hadi miaka 20.

Jani la sungura ni habari nyingine kabisa. Lina petali tatu tu, mbili kubwa za bluu na moja ndogo iliyojificha chini. Carl Linnaeus wa Sweden, aliyeipa jenasi hii jina, aliwakumbuka akina Commelin wa Uholanzi: wawili, Jan na mpwa wake Caspar, walikuwa wataalamu wa mimea wenye sifa, na wa tatu alifariki kabla hajafanya lolote la maana katika fani hiyo. Petali mbili zinazoonekana ni za wale wawili. Ya tatu unaijua ni ya nani. Linnaeus alikuwa na ulimi.

Ua hilo hufunguka asubuhi, na mchana limekwisha. Petali zake hazidondoki wala hazikauki. Zinayeyuka na kuwa ute wa bluu ambao ukiugusa unabaki kwenye kidole. Lakini mambo hasa yako chini ya udongo. Ling'oe taratibu baada ya mvua, usilivute, lichimbe. Utaona vichipukizi vyeupe vimeingia ardhini, na kwenye vichipukizi hivyo kuna maua yasiyofunguka kamwe. Yanajichavusha yenyewe gizani na kutoa mbegu humohumo. Ndiyo maana mkulima analipalilia leo, anatamba kwamba shamba safi, na baada ya wiki chache limerudi. Huko Marekani, kwenye mashamba ya pamba ya jimbo la Georgia, jani hili la kwetu limekuwa balaa kwa sababu linavumilia sana dawa ya kuua magugu ya glaifosati, na lipo kwenye orodha ya serikali yao ya magugu yasiyotakiwa. Amerika ya Kusini ilituletea gugu maji. Afrika na Asia zikapeleka hili upande wa pili. Sijui kama tunaweza kusema tumelipizana, lakini wavuvi wa hapa niliowaambia walifurahi kidogo.

Ukiitazama mimea hii miwili mezani, moja linaelea na vipande sita, jingine linatambaa na petali tatu, huwezi kumlaumu mtu aliyewatenganisha. Mwaka 1981 Arthur Cronquist, wa bustani ya mimea ya New York, alichapisha mfumo wake wa kuainisha mimea yote yenye maua, na vitabu vingi vya shule na vyuo vikaufuata kwa miaka. Katika mfumo ule jani la sungura lilikuwa Commelinales, lakini gugu maji liliwekwa Liliales, kapu moja na vitunguu, mishubiri, mkonge na viazi vikuu. Si gugu maji peke yake. Commelinales ya leo ina familia tano, na nne kati ya hizo Cronquist alikuwa amezitupia Liliales. Na zile familia nyingine tatu alizoziweka na jani la sungura, leo zote zimehamia Poales, oda ya nyasi. Yaani oda yake ya Commelinales na ya kwetu leo zinashirikiana familia moja tu.

Kilichobadilisha mambo ni DNA. Mwaka 1993 Mark Chase na wenzake, kundi kubwa la watafiti, walichapisha mti wa ukoo uliojengwa kwa jeni moja ya kwenye kloroplasti, rbcL, kutoka kwa mimea 499. Jeni hiyo inahusika na kimeng'enya kinachonasa kaboni dayoksaidi kwenye jani, kwa hiyo karibu kila mmea wa kijani unayo na unaweza kulinganishwa na mwingine. Mwaka 1998 kundi la wataalamu wa mimea linalojiita APG likatoa uainishaji mpya wa oda zote kwa msingi huo, likaurekebisha 2003, 2009 na 2016. Napenda namna wanavyofanya kazi: hawajali sana mmea unafananaje, wanauliza umetokana na nani. Kapu la Liliales lilipasuka vipande vipande. Vitunguu, mishubiri na mkonge vikaenda upande mmoja, viazi vikuu vikapata oda yao, gugu maji likarudishwa kwa jani la sungura.

Familia tano hizo ndani yake zimegawanyika hivi. Upande mmoja kuna familia ya jani la sungura, kubwa kuliko zote, yenye spishi zaidi ya 650, na jirani yake Hanguanaceae, jenasi moja tu ya misitu na mabwawa ya kusini mashariki mwa Asia. Upande wa pili kuna familia ya gugu maji, Pontederiaceae, iliyoshikana na Haemodoraceae ya Australia, kusini mwa Afrika na Amerika, na kando yao kidogo Philydraceae, familia ndogo ya Asia na Australia. Mwaka 2021 utafiti ulioongozwa na wataalamu wa bustani za Kew, Uingereza, ulipitia mamia ya jeni badala ya moja, na picha hiyo ikasimama.

Nje ya oda, jirani wa karibu kabisa wa Commelinales ni Zingiberales: mgomba, tangawizi, manjano, iliki. Hapo ndipo nilipopata matatizo ya kifamilia.

Mke wangu ni Mhaya wa Muleba. Tulipokwenda kusalimia, nikiwa na baba mkwe kwenye kibanja chake, nikaona ni vyema kumpa habari.

"Baba," nikamwambia, "hii migomba yako na yale magugu yanayofunga mitumbwi ziwani ni ukoo mmoja."

Mzee alinitazama, akautazama mgomba, akanitazama tena. "Mkwe wangu, umekuja kutusalimia au umekuja kututukana?"

Nikaanza kujitetea. Nikamweleza kuhusu kundi la vitu vinavyoitwa fenilifenalenoni. Mgomba ukishambuliwa na kuvu au minyoo ya mizizi, hutengeneza kemikali hizo kujilinda. Katika mimea yote duniani, hazipatikani ovyo. Zinapatikana kwenye familia ya mgomba na jamaa zake wa karibu, kwenye Haemodoraceae, ambayo baadhi yake mizizi ni myekundu kwa sababu yake, na kwenye gugu maji. Nikaongeza habari ya wanga. Ndani ya mbegu za Commelinales, za jamaa wa mgomba, na za oda ya nyasi, chakula kilichohifadhiwa kwa ajili ya chipukizi ni wanga. Ndiyo sababu tunasaga mahindi na mtama. Minazi na mivumo, ambao ni wa ukoo huohuo mkubwa lakini walichepuka mapema, hawana wanga huo kwenye mbegu. Nazi ina mafuta. Ukoo huu wote kwa pamoja unaitwa komelinidi, na hata ukikata kipande chembamba cha jani la yeyote kati yao, ukakiweka chini ya hadubini yenye mwanga wa urujuanimno, kuta za seli zinang'aa bluu, na ukidondoshea amonia zinageuka kijani. Mwanga huo unatokana na asidi ya feruliki iliyofungwa kwenye kuta.

Baba mkwe alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu aliyekuwa amekasirika.

"Kama ni ndugu, mbona mnyauko unamaliza migomba yetu na hauyagusi hayo magugu?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Magonjwa na wadudu wengi hufuata ukoo, lakini ukoo wa karibu. Mnyauko wa bakteria ulianza kujulikana Ethiopia miaka ya 1960 kwenye ensete, mmea wa familia ileile ya mgomba, halafu baadaye ukaingia kwenye migomba yetu. Huo ni undugu wa nyumba moja. Mgomba na gugu maji waliachana zama za dinosaria, katika kipindi cha Kretasia, wakati Ziwa Viktoria lenyewe halipo hata kwa ndoto. Ziwa hili kwa hesabu za wanajiolojia lilikauka na kujaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo kwa mimea hii ni la juzi. Muda wa namna hiyo unatosha bakteria kumsahau ndugu.

"Basi si ndugu," akasema mzee. "Ni majina tu."

Hapo ndipo ninapobishana naye mpaka leo, kwa heshima, kwa simu. Si majina tu, na ushahidi uko ziwani.

Gugu maji lilianza kuonekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera umekuwa ukilileta tangu huko Rwanda. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000. Wanaokumbuka miaka hiyo wanakumbuka mialo iliyozibwa, injini zilizokwama, nyavu zilizorudi zimejaa majani badala ya sangara, na maji chini ya magugu yakinuka kwa kukosa hewa. Watu walikata kwa panga, wakavuta kwa kamba, mashine zikaletwa. Kilichofanya kazi ya kudumu ni wadudu wadogo, fukusi wawili wa jenasi Neochetina, asili yao Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe. Florida waliwaachilia mapema, 1972 mmoja na 1974 mwingine. Kwenye ziwa letu waliachiliwa Uganda kuanzia 1995, Kenya na Tanzania 1997.

Sasa jiulize. Unachukua mdudu mla majani wa bara lingine, unamwachilia kwenye ziwa lililozungukwa na mpunga, migomba na mihogo ya mamilioni ya watu. Unajuaje hatahamia kwenye chakula? Huwezi kumjaribu kwa kila mmea duniani. Unatumia mti wa ukoo. Mwaka 1974 A. J. Wapshere, mtafiti wa shirika la sayansi la Australia, aliuandika utaratibu huo vizuri: anza na ndugu wa damu wa gugu, kisha jamaa wa familia, kisha familia jirani, ukienda nje hatua kwa hatua mpaka uone mdudu anakataa kula. Ukiwa na mti wa Cronquist, utapoteza nguvu kwenye vitunguu na mkonge. Ukiwa na mti sahihi, unaangalia kwanza wenyeji wa Afrika wa familia ya Pontederiaceae, maana tunao, kama Heteranthera callifolia, halafu jani la sungura na ndugu zake, halafu mgomba na tangawizi. Mgomba wa baba mkwe unastahili kujaribiwa kwa sababu ya ukoo wake, hata kama yeye hautaki.

Kazi ya fukusi hawa unaweza kuiona mwenyewe. Geuza jani la gugu maji uangalie kwenye mwanga: vidonda vidogo vya rangi ya kahawia, vya milimita chache, vimetapakaa kana kwamba mtu ameparua kwa ukucha. Hao ni wakubwa, wanaokula usiku. Watoto wao, mabuu, wanachimba ndani ya kikonyo kilichovimba wakishuka mpaka kwenye moyo wa mmea. Maji yanaingia kwenye vyumba vya hewa na gugu linaanza kuzama. Kisha buu anashuka mpaka kwenye mizizi, chini ya maji, anajifunga kifukofuko kwa manyoya ya mizizi hiyohiyo na kugeukia humo. Mdudu wa namna hiyo, anayehitaji mizizi hai inayoning'inia majini, hawezi kumalizia maisha yake kwenye mgomba wa Muleba.

Kuna wanaosema mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizoyavunja magugu. Nadhani vyote viwili vilifanya kazi; gugu lililotobolewa na fukusi linavunjika na wimbi ambalo gugu zima lingelipanda.

Jambo jingine linalosaidia ni kwamba gugu maji la huku linafanana mno lenyewe kwa lenyewe. Familia hii ina mimea yenye maua ya aina tatu, kulingana na urefu wa kile kijiti cha sehemu ya kike ya ua: kirefu, cha kati, kifupi. Kwao Amerika ya Kusini aina zote zipo. Nje ya kwao, mahali pengi, ni ya kati karibu tupu, kwa sababu yaliyosambaa ni matoleo ya mmea mmoja uliojigawa na kujigawa. Nimepita na lenzi yangu kwenye mialo ya karibu, na hadi sasa kila ua nililopasua ni la kati.

Jina lenyewe pia limezunguka. Martius, Mjerumani aliyesafiri Brazili, aliliita Pontederia crassipes mwaka 1823. Mwaka 1883 likahamishiwa Eichhornia, na vitabu vyote vya miaka ya tisini vinaliita hivyo. Lakini DNA ilionyesha kwamba mimea ya Eichhornia haikuwa ukoo mmoja, na mwaka 2018 gugu letu likarudishwa Pontederia. Kwa hiyo ukiona bango au ripoti yenye jina la zamani, haijakosea, imechelewa tu.

Mvuvi mmoja jirani yangu aliniuliza: fukusi wakimaliza magugu, watakula nini? Watakufa njaa, kaka. Na ndiyo shida yenyewe: magugu yakipungua, fukusi nao wanapungua, halafu mbegu zilizolala kwenye tope zinaota, na magugu yanawatangulia fukusi kwa miezi. Ndiyo maana kila baada ya miaka kadhaa mnaona yamefunga mwalo tena na watu wanasema fukusi walishindwa. Hawakushindwa. Wanahitaji kulelewa na kuongezwa, kazi ambayo haina mwisho na haina sherehe ya uzinduzi.

Mteja mmoja juzi aliniambia mafunjo ni nyasi kubwa tu. Si nyasi. Yako Poales pamoja na nyasi, lakini familia tofauti: kata bua uone, lina pembe tatu na limejaa ndani, wakati tete lina fundo na uwazi. Nitaliandika hilo nikimaliza kuhamishia miche kwenye viriba, maana mvua zimekaribia na miparachichi inanidai.